Kesi ya Magamba Iliyovunjika: Uchambuzi wa Kisa cha Kurekebisha Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini Kutoweka

Kisa na mipaka yake

Andiko hili linachambua jinsi nchi moja ilivyorekebisha sheria yake ya kulinda spishi zilizo hatarini kutoweka, baada ya kesi kubwa ya magamba ya kakakuona kuvunjika mahakamani. Majina ya nchi, mahakama, maofisa na washtakiwa yameondolewa, pamoja na tarehe na viwango ambavyo vingewatambulisha wahusika. Nilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandaa rasimu ya muswada, kwa hiyo maoni ninayotoa kuhusu kilichofaa na kilichoshindikana ni ya mtu aliyeyataka marekebisho hayo yafanikiwe. Kisa kinawahusu zaidi watunga sheria, waendesha mashtaka na wahifadhi, kwa kuwa kinaonyesha jinsi sheria inavyoweza kusomeka kali na bado ikamwacha mnyama bila mlinzi.

Usuli wa sheria na wa mnyama

Nchi husika ilikuwa na sheria ya wanyamapori iliyotungwa miongo kadhaa nyuma, wakati ambapo tishio lililofikiriwa lilikuwa mwindaji anayeingia porini bila leseni. Sheria nzima ilijengwa juu ya leseni: nani awinde, wapi, msimu gani na mnyama gani. Mwishoni mwake palikuwa na jedwali la wanyama ambao ilikatazwa kabisa kuwawinda, na jedwali hilo ndilo lililochukuliwa kuwa ulinzi wa spishi zilizo hatarini. Nchi hiyo ilikuwa pia mwanachama wa CITES, mkataba uliosainiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, ambao unasimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hata hivyo, katika mfumo wa nchi hiyo mkataba wa kimataifa haupati nguvu mbele ya hakimu mpaka Bunge liutungie sheria, na Bunge lilikuwa limefanya hivyo nusunusu tu. Mamlaka ya kutoa vibali iliundwa, ilhali makosa na adhabu viliachwa katika sheria ya zamani ya uwindaji.

Udhaifu wa namna hiyo haukuwa wa nchi moja. Wanachama wa CITES waliuona mapema, na katika Azimio 8.4 la mwaka 1992 walitaja mambo manne ambayo sheria ya kila nchi mwanachama lazima iyatimize: iteue mamlaka ya usimamizi na mamlaka ya kisayansi, ikataze biashara inayokwenda kinyume na mkataba, iiwekee adhabu biashara hiyo, na iruhusu kutaifishwa kwa vitu vilivyosafirishwa au kumilikiwa kinyume cha sheria. Sheria ya nchi tunayoizungumzia ilitimiza sharti la kwanza vizuri. La pili na la tatu iliyatimiza kwa wanyama wa ndani ya mipaka yake tu, na la nne kwa masharti yaliyokuja kuleta taabu kubwa.

Kakakuona ndiye mamalia pekee mwenye magamba ya kweli, na magamba hayo yameumbwa kwa keratini, dutu ileile inayofanya kucha za binadamu. Spishi zake ni nane, nne za Asia na nne za Afrika. Akitishwa hujikunja na kujifungia ndani ya magamba yake, kinga inayomwokoa mbele ya simba lakini inayomfanya binadamu amwokote bila hata silaha. Kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, kwa hiyo idadi yake ikishuka hairudi haraka. Mkutano wa nchi wanachama wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliamua kuziingiza spishi zote nane katika Kiambatisho I, kinachokataza biashara ya kimataifa ya kujipatia faida kwa wanyama waliotolewa porini, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Jedwali la sheria ya nchi hii halikuguswa. Liliendelea kumtaja kakakuona mmoja tu, yule wa nyika, kwa jina la kisayansi la Manis temminckii.

Mambo yalivyofuatana

Lori lilisimamishwa katika kituo cha mpakani kwa ukaguzi wa kawaida wa forodha. Chini ya shehena ya nafaka maofisa walikuta magunia ya magamba makavu, na miongoni mwa magunia hayo mifuko midogo yenye magamba yaliyokwisha kusagwa. Dereva na msaidizi wake walikamatwa. Mwenye mzigo hakuwapo, na jina lake lilionekana katika simu ya dereva tu, si katika hati yoyote ya safari.

Fomu ya vielelezo iliyojazwa usiku ule ilikuwa na mstari mmoja: "magunia ya magamba yanayodhaniwa kuwa ya kakakuona", ukifuatiwa na uzito wa jumla. Magunia hayakupewa namba moja moja wala hayakupigwa lakiri, yaani muhuri wa kuyafunga. Baadaye yalihamishwa kutoka ghala la forodha kwenda ghala la idara ya wanyamapori, na huko mtaalamu alichota sampuli kutoka magunia machache akazipeleka maabara kwa uchunguzi wa vinasaba. Majibu yalionyesha kwamba sampuli nyingi zilitoka kwa Phataginus tricuspis, kakakuona mdogo wa misitu ambaye haishi katika nchi hiyo, na chache zilitoka kwa kakakuona wa nyika, ambaye taarifa ya maabara ilimwita Smutsia temminckii.

Upande wa utetezi ulisimama juu ya hoja nne. Ya kwanza ilikuwa kwamba jina Smutsia halimo katika jedwali. Hoja hiyo ilianguka, kwa sababu shahidi mtaalamu alieleza kwa ufasaha kwamba wanasayansi wengine humweka mnyama yuleyule katika jenasi Smutsia na wengine katika Manis, na hakimu akaridhika. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: sheria ilimfafanua mnyamapori kuwa mnyama ambaye kwa asili huishi porini ndani ya nchi, kwa hiyo magamba ya mnyama wa misitu ya nchi nyingine hayakuwa nyara kwa maana ya sheria. Ya tatu ilihusu magamba yaliyosagwa, kwa kuwa sheria ilitaka nyara iwe sehemu ya mnyama "inayotambulika kwa urahisi". Ya nne ilihusu sampuli zile chache za kakakuona wa nyika. Hakuna shahidi aliyeweza kuonyesha zilitoka gunia gani, wala kwamba gunia hilo ni miongoni mwa yaliyoshushwa kutoka katika lori. Hakimu aliuliza swali hilo mara mbili, kwa shahidi wa forodha na kwa shahidi wa wanyamapori, na kila mmoja akamwelekeza kwa mwenzake.

Mahakama ilitamka kwamba washtakiwa hawana kesi ya kujibu katika kosa la kumiliki nyara. Walitiwa hatiani kwa kosa dogo la kusafirisha bidhaa zisizo katika hati ya mzigo, wakalipa faini siku hiyohiyo na kuondoka. Wiki chache baadaye wakili wao aliomba magunia yarudishwe, akieleza kwamba sheria inaruhusu kutaifisha nyara pale tu mtu anapotiwa hatiani kwa kosa la nyara. Kwa maneno ya sheria ilivyokuwa, alikuwa sahihi. Upande wa mashtaka ulipata amri ya kuyazuia magunia kwa muda huku ukikata rufaa, na katika rufaa majaji walikubaliana na tafsiri ya hakimu wa kwanza, wakisema kwamba mkataba ambao haujaingizwa katika sheria za nchi haumfungi mtu binafsi na kwamba si kazi ya mahakama kuliandikia Bunge jedwali jipya. Ninauona uamuzi huo kuwa wa haki. Uliumiza, lakini mahakama inayomfunga mtu kwa kosa ambalo sheria haikulitaja inabomoa kitu kikubwa kuliko kile inachotaka kukilinda.

Wakati huohuo juhudi za kumfikia mwenye mzigo zilikwama. Wapelelezi waliomba taarifa za fedha na za mawasiliano kutoka nchi nyingine, wakitegemea Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Uhalifu wa Kupangwa wa Kuvuka Mipaka wa mwaka 2000. Mkataba huo hulihesabu kosa kuwa kubwa pale ambapo kiwango cha juu cha kifungo ni angalau miaka minne. Kifungo cha juu kwa kosa la nyara katika sheria ya nchi hii kilikuwa chini ya hapo, na maombi yakarudi bila majibu yenye manufaa.

Maamuzi ya kamati na sababu zake

Habari za magunia zilipotangazwa, sauti iliyosikika kuliko zote ilidai kifungo cha maisha. Waziri aliunda kamati ya wanasheria, wanasayansi, maofisa wa forodha na wawakilishi wa jamii zinazoishi jirani na hifadhi, na hatua ya kwanza ya kamati, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote zilizofuata, ilikuwa kuyaita majalada ya kesi za wanyamapori zilizovunjika na kuyasoma moja baada ya jingine. Katika majalada hayo halikuonekana hata moja lililovunjika kwa sababu adhabu ilikuwa ndogo. Kesi zilianguka kwa sababu mnyama hakuwa katika jedwali, au kielelezo kilipotea njiani, au shahidi wa pekee alihamishwa kituo na hakuitwa tena. Tangu hapo kamati ilikuwa na hoja ya kuwajibu waliotaka ukali peke yake.

Uamuzi wa kwanza ulihusu jedwali. Njia rahisi ilikuwa kuongeza spishi saba za kakakuona na kumaliza kazi. Kamati iliikataa, kwa sababu viambatisho vya CITES hubadilishwa kwenye kila mkutano wa nchi wanachama na mabadiliko huanza kutumika siku 90 baada ya mkutano, muda ambao Bunge haliwezi kuufikia kwa muswada wa kawaida. Pendekezo likawa kwamba spishi yoyote iliyo katika viambatisho ihesabiwe kuwa imelindwa na sheria ya nchi tangu siku mabadiliko yanapoanza kutumika, iwe inaishi ndani ya mipaka au la. Wabunge kadhaa walipinga kwa hoja ya uzito: kwa njia hiyo mkutano wa kigeni ungetunga makosa ya jinai kwa niaba ya Bunge, na raia angeweza kushtakiwa kwa orodha ambayo hakuwahi kuiona. Suluhu iliyopatikana ilimtaka waziri atangaze mabadiliko katika gazeti la serikali kabla ya siku hizo 90 kuisha na kuyawasilisha bungeni, na Bunge likabaki na uwezo wa kuyakataa. Iwapo tangazo halijatoka, kutaifisha kunaruhusiwa lakini hakuna mtu anayefungwa. Kwa maoni yangu mgawanyo huo ulikuwa wa busara, kwani unamzuia mnyama kuuzwa bila kumwadhibu mtu kwa uzembe wa wizara.

Kando ya orodha hiyo iliwekwa orodha ya pili, ya nyumbani. CITES inahusu biashara ya kimataifa tu. Chura anayeishi katika bonde moja, ambaye hauzwi popote lakini makazi yake yanakauka, hatapata msaada wowote kutoka katika mkataba huo. Mamlaka ya kisayansi ilipewa jukumu la kupendekeza spishi za orodha ya nyumbani kwa vigezo vya hatari ya kutoweka, na kuzipitia upya kila baada ya muda uliotajwa katika sheria, na waziri akitofautiana nayo sharti atoe sababu kwa maandishi. Kuhusu majina, kifungu kimoja kifupi kilisema kwamba jina la kisayansi katika orodha linajumuisha majina mengine ya mnyama yuleyule, na kwamba kosa katika jina haliharibu shtaka ikiwa mshtakiwa hakupotoshwa nalo.

Uamuzi wa pili ulikuwa ufafanuzi wa kitu kilicholindwa. Maneno "inayotambulika kwa urahisi" yalitoka katika mkataba wenyewe, lakini nchi wanachama zilikwisha kuyapanua kwa Azimio 9.6, linalohesabu pia kile ambacho hati, kifungashio au alama yake inaonyesha kuwa ni zao la spishi iliyolindwa. Rasimu ilifuata njia hiyo. Ilisema kwamba zao la spishi iliyolindwa ni "kitu chochote, kiwe kizima, kipande, unga au mchanganyiko, ambacho kwa kukitazama, kwa uchunguzi wa maabara, au kwa maandishi ya kifungashio, lebo au hati inayoambatana nacho, kinaonekana kutoka kwa spishi hiyo". Anayeuza unga wa kitu kingine kwa jina la kakakuona naye ananaswa hapo, na kamati ilikusudia hivyo, kwa sababu biashara ya bandia hulisha hamu ileile inayomwinda mnyama wa kweli.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa vielelezo, na ndio uliochukua muda mrefu zaidi, ingawa magazeti hayakuutaja hata kwa sentensi moja. Kanuni mpya zilitaka kila gunia, sanduku au mfuko upewe namba yake na lakiri palepale ulipokamatwa, mbele ya mshtakiwa ikiwezekana, upigwe picha, na kila anayeupokea atie saini akitaja namba, saa na hali ya lakiri. Zilieleza pia jinsi ya kuchukua sampuli: kutoka kila gunia, kutoka juu, katikati na chini, huku sampuli ikibeba namba ya gunia lake. Hakimu aliruhusiwa kukubali sampuli zilizochukuliwa kwa utaratibu huo ziwakilishe gunia zima, na kuamuru shehena iliyobaki iteketezwe baada ya kupimwa na kupigwa picha, ili maghala yasigeuke kuwa chanzo cha wizi.

Nne, utaifishaji wa mazao ya spishi zilizolindwa ulitenganishwa na hukumu ya mtu. Zao lisilo na kibali hutaifishwa hata kama hakuna aliyetiwa hatiani, ilhali gari, nyumba au mali nyingine hutaifishwa tu mwenye nayo akionekana kuwa alijua. Sambamba na hilo, mtu aliyekutwa na zao ndiye atakayeonyesha kibali. Mawakili walihofia kwamba kifungu hicho kingemlazimisha mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Kamati ilikipunguza makali: upande wa mashtaka bado unathibitisha umiliki na aina ya kitu, na mshtakiwa anatakiwa kuonyesha karatasi ambayo, kama ipo, iko mikononi mwake.

Kwenye adhabu kamati ilipendekeza kiwango cha juu kinachovuka miaka minne kwa biashara na usafirishaji, ili milango ya ushirikiano wa kimataifa ifunguke, na ngazi za chini kwa umiliki mdogo, bila kiwango cha chini cha lazima. Bunge lilikubali ngazi za juu, kisha siku ya mwisho ya mjadala likaongeza kifungo cha chini cha lazima kwa makosa yote yanayogusa spishi za orodha ya kwanza. Mfano wa Kenya ulikuwepo mezani. Sheria yake ya mwaka 2013, kifungu cha 92, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa ya spishi zilizo hatarini bila kutenganisha vizuri tendo na tendo, na kifungu hicho kililazimika kufanyiwa marekebisho baadaye. Mfano huo ulisomwa bungeni, na bado kiwango cha chini kikapita.

Pendekezo la mwisho lilihusu makazi. Rasimu ilitaka kila taasisi ya umma, kabla ya kuidhinisha barabara, bwawa au mgodi, ipate maoni ya mamlaka ya kisayansi kuhusu spishi zilizolindwa, na isiendelee ikiwa mradi utahatarisha uwepo wa spishi. Wazo lilitoka katika kifungu cha 7 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1973, na waliolipinga walitumia historia ya kifungu hichohicho. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia kukamilishwa kwa bwawa la Tellico, lililokuwa karibu kwisha, kwa ajili ya samaki mdogo asiyejulikana na wengi, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likalitoa bwawa hilo nje ya sheria. Serikali haikutaka kujiingiza katika mvutano wa aina hiyo. Sura nzima ya makazi iliondolewa, na mahali pake pakawekwa aya inayowahimiza watumishi wa umma "kuzingatia" spishi zilizo hatarini.

Matokeo

Sheria mpya ilipata kipimo chake mapema. Shehena nyingine ya magamba ilikamatwa katika kituo kingine, na safari hii kila gunia lilikuwa na namba na lakiri. Nilisoma fomu za kesi hiyo: saini zinafuatana bila pengo kutoka mpakani hadi maabara, na mahali ambapo lakiri moja ilikatika wakati wa kupakua, ofisa ameandika saa, sababu na namba ya lakiri mpya. Utetezi haukugusa vielelezo. Waliokutwa na mzigo walitiwa hatiani, mzigo ukataifishwa na kuteketezwa, na taarifa za fedha kutoka nje zikaja kwa sababu kosa sasa lilikuwa kubwa kwa kipimo cha mkataba wa mwaka 2000. Mwenye mzigo alishtakiwa, jambo ambalo sheria ya zamani haikuwahi kulifanikisha.

Kiwango cha chini cha adhabu kilileta matokeo ya namna nyingine. Mzee mmoja aliyekutwa na magamba machache aliyoyarithi, akiyatumia kama kinga ya nyumba, alisimama mbele ya hakimu akikabiliwa na kifungo kilekile cha lazima kilichomngoja msafirishaji. Hakimu alimwachia kwa hoja dhaifu ya kiufundi, na kila aliyeisoma hukumu alielewa kwa nini. Waendesha mashtaka nao walianza kubadilisha hati za mashtaka kuwa makosa madogo ya leseni ili kuyakwepa makali hayo, na kwa hiyo kumbukumbu za makosa ya spishi zilizolindwa zikapungua kwenye madaftari bila ujangili wenyewe kupungua.

Eneo moja lilikwenda vizuri kupita matarajio, nalo lilikuwa la wanyama hai. Kanuni ziliruhusu kakakuona aliyekamatwa akiwa hai apigwe picha, atolewe sampuli ndogo na kupelekwa kwa mtaalamu mara moja, badala ya kubaki kituoni kama kielelezo. Kakakuona hula mchwa na sisimizi na huvumilia kifungo kwa shida kubwa, na awali wengi walikufa ndani ya maboksi huku kesi ikiahirishwa. Sheria ilimkinga pia anayemwokota na kumpeleka kwa mamlaka ndani ya muda mfupi, na kinga hiyo iliwafanya wanavijiji, ambao zamani walinyamaza kwa kuogopa kuulizwa wamempata wapi, waanze kutoa taarifa.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kuliko vyote ni kazi ambayo haikuwa na mvuto. Lakiri, fomu na utaratibu wa sampuli ndivyo vilivyoufikisha ushahidi mahakamani ukiwa mzima, na bila hivyo hata kifungo cha maisha kingebaki maneno kwenye karatasi. Ninashikilia kwamba anayetaka kuimarisha sheria ya spishi aanze kwa kusoma kesi zilizoshindwa kabla hajaandika kifungu kimoja, kwa kuwa majalada hayo huonyesha mahali hasa sheria inapopasukia, na mahali hapo mara nyingi ni tofauti na pale ambapo wananchi wenye uchungu wanaelekeza kidole.

Jedwali linalofuata viambatisho lilifanikiwa kwa sababu liliundwa pamoja na breki zake. Kama kamati ingeng'ang'ania mfumo wa moja kwa moja usio na tangazo wala Bunge, ningetarajia mahakama kuubatilisha mapema, na nchi ingerudi kwenye orodha ya zamani. Udhaifu uliobaki ni kwamba tangazo linategemea wizara kukumbuka. Sheria haikumpa mtu mwingine yeyote uwezo wa kuilazimisha, ilhali ingetosha kumruhusu raia au chama cha uhifadhi kuiomba mahakama iamuru tangazo litolewe.

Kuhusu adhabu, tofauti kati ya kiwango cha juu na kiwango cha chini ndiyo iliyopotea katika mjadala. Kiwango cha juu kilileta faida inayopimika, yaani ushirikiano wa nchi nyingine na uwezo wa kumfuata mwenye fedha. Kiwango cha chini hakikumgusa mwenye fedha hata kidogo, kwa sababu mtu huyo habebi gunia. Kilimwangukia dereva, mchukuzi na mzee mwenye kinga ya nyumba, na kikamfanya hakimu achague kati ya ukatili na kutafuta tundu la kutokea. Wabunge waliokipitisha walifanya hivyo kwa nia njema, wakiamini kwamba mnyama analindwa na hofu. Hofu hiyo humfikia mtu pale anapoona kwamba atakamatwa na kesi itasimama, na kiwango cha chini hakiongezi lolote katika hayo mawili.

Kushindwa kukubwa ni kuondolewa kwa sura ya makazi. Sidhani kwamba historia ya Tellico inafundisha kile ilichotumika kufundisha. Mgogoro ule ulikuwa mkubwa kwa sababu spishi iligunduliwa wakati ujenzi umekwisha kuanza, na hilo ni sababu ya kutaka uchunguzi ufanywe mapema, siyo sababu ya kutoufanya kabisa. Samaki yule, aliyehamishiwa mito mingine na kugunduliwa pia kwingineko, aliondolewa katika orodha ya Marekani mwaka 2022, kwa hiyo hata katika mfano uliotumika kutisha, ulinzi ulizaa matunda.

Hoja ya wenye ardhi ilistahili kusikilizwa zaidi kuliko ilivyosikilizwa. Mkulima anayeamini kwamba kuonekana kwa mnyama adimu shambani kwake kutamnyima matumizi ya ardhi ana kila sababu ya kufyeka kichaka kabla mtaalamu hajafika. Jambo hilo lilitokea Marekani kwa wenye misitu ya misonobari wanaopakana na makazi ya kigogota adimu aitwaye kwa Kiingereza red-cockaded woodpecker. Kuanzia mwaka 1995, huko North Carolina, wamiliki walianza kuingia mikataba inayowahakikishia kwamba wakiboresha makazi ya ndege huyo hawataongezewa vikwazo vipya. Rasimu yetu ilikuwa na katazo bila ahadi ya namna hiyo, na katazo tupu lilikuwa rahisi kuliondoa kwa kuwa hakuna mwenye ardhi aliyekuwa na sababu ya kulitetea.

Athari za pengo hilo zinaonekana kwa kakakuona wa nyika mwenyewe. Nyaya za umeme za uzio wa mashamba na hifadhi binafsi humuua: hutembea akiwa ameinua kifua, hugusa waya wa chini kwa tumbo lake lisilo na magamba, hujikunja kwa silika na mara nyingine kujizungushia waya uleule, na umeme unaendelea kumpiga mpaka afe. Hakuna biashara hapo, hakuna kibali wala gunia la kutaifisha, na sheria mpya haina kifungu kinachomfikia. Rasimu ya kanuni inayotaka waya wa chini wa uzio wa umeme uinuliwe au uzimwe katika maeneo yenye kakakuona ilikwisha kuandikwa na mamlaka ya kisayansi, lakini imekwama kwa sababu aya ya "kuzingatia" haimpi waziri uwezo wa kuitia saini. Kamati ya Bunge imeombwa ibadilishe neno hilo liwe wajibu, na wawakilishi wa wenye mashamba wamekubali kukaa mezani kwa sharti kwamba gharama ya kubadilisha uzio uliopo isiwe yao peke yao.